Kwa nini dumu la petroli huvimba mchana na kubonyea usiku, na hatari yenyewe iko wapi

Asubuhi dumu langu la petroli lilikuwa limebonyea mashavu, kana kwamba kuna mtu aliyelikalia usiku. Ni dumu la plastiki la lita 20, ninalowekea mafuta ya jenereta. Kufika saa nane mchana lilikuwa limetuna. Tumbo lilichomoza mbele na nyuma, halikusimama sawasawa tena kwa sababu hata kitako kilikuwa kimevimba, na nilipoligonga kwa kidole lililia kama ngoma. Jua lilipozama likaanza kurudi. Hakuna aliyeligusa siku nzima.

Mwenye jenereta, pampu ya maji, msumeno wa petroli au mashine ya kukata nyasi analijua jambo hili, na kila linapotokea mbele za watu mabishano huwa yaleyale. Mmoja atasema litalipuka sasa hivi. Mwingine atasema legeza mfuniko lipumue. Wa tatu atasema mafuta hayo yameharibika, yamwagwe. Wote watatu wamekosea, na mwenye ushauri wa kulegeza mfuniko ndiye anayeweza kuunguza nyumba. Ndiyo maana nimeona nilieleze jambo hili tangu mwanzo, polepole, kwa sababu ukishaelewa kinachotokea ndani ya dumu, utajua mwenyewe uliweke wapi, ulijaze kiasi gani na ulifungue vipi.

Maneno machache kwanza

Petroli tunaiita kwa jina moja, lakini ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali, nyingine nyepesi sana na nyingine nzito. Zile nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi joto 30 hivi za Selsiasi; zile nzito hungoja hadi nyuzi 200. Fikiria chumba kilichojaa watu, ambamo wengine wamesimama mlangoni na viatu miguuni, na wengine bado wamejifunika shuka. Joto likipanda kidogo tu, wa mlangoni wanatoka. Hao wanaotoka ndio mvuke.

Mvuke wa petroli hauonekani kirahisi, lakini una tabia mbili za kushika kichwani. Ya kwanza, ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupai juu kama moshi. Hushuka, hutambaa sakafuni, hupita chini ya mlango na kujaa kwenye mashimo na pembe za chini. Ukitaka kujua utaelekea wapi, jiulize maji yangeelekea wapi. Ya pili, mvuke ndio unaowaka. Petroli ya maji haiwaki yenyewe. Kinachoshika moto ni mvuke ulio juu yake, uliochanganyika na hewa kwa kiasi kinachofaa. Kiasi hicho ni kati ya asilimia 1.4 na asilimia 7.6 hivi za mvuke ndani ya hewa. Ukipungua hapo hauwaki, na ukizidi hapo pia hauwaki. Takwimu hiyo ya pili ina kazi kubwa huko mbele.

Kuna pia kile nitakachokiita joto la kushika moto, yaani joto la chini kabisa ambalo mafuta hutoa mvuke wa kutosha kuwashwa na cheche. Dizeli huhitaji nyuzi zaidi ya 50. Mafuta ya taa huhitaji nyuzi 38 hivi kwenda juu. Petroli huhitaji nyuzi 40 chini ya sifuri. Yaani karibu popote ambapo binadamu anaishi, petroli tayari iko juu ya joto lake la kushika moto, usiku na mchana, kiangazi na masika. Anayesema "leo kuna baridi, hayawezi kushika" anachanganya petroli na mafuta ya taa. Na hapohapo utaona kwa nini petroli kidogo tu ikiingia kwenye mafuta ya taa inaigeuza taa au jiko kuwa mtego. Usitumie dumu moja kwa vyote viwili, hata ukilisuuza.

Neno la mwisho ni presha, na hili kila mtu analijua: ni nguvu ambayo hewa na mvuke husukuma nayo kuta za chombo kilichofungwa.

Ndani ya dumu lililofungwa

Joto linapopanda, mambo matatu hutokea kwa pamoja ndani ya dumu, na watu huyachanganya.

Kwanza, petroli yenyewe hutanuka. Kwa kila nyuzi moja ya joto, ujazo wake huongezeka kwa karibu sehemu moja katika elfu moja. Hiyo yaonekana kuwa ndogo hadi uipigie hesabu. Mafuta ya kituoni hutoka kwenye tangi lililo chini ya ardhi, mahali penye ubaridi. Tuseme umechukua lita 20 zikiwa na nyuzi 15, kisha dumu likakaa kwenye buti la gari lililoegeshwa juani hadi mafuta yakafika nyuzi 45. Hapo umepata zaidi ya nusu lita ya ziada ambayo hukuinunua. Kama dumu lilijazwa hadi mdomoni, nusu lita hiyo haina pa kwenda. Itajipenyeza kwenye mpira wa mfuniko na kuteremka ubavuni, na utaikuta imelowesha zulia la gari. Ndiyo maana dumu halijazwi likafurika. Acha angalau sehemu moja katika ishirini ikiwa tupu, na kama limeandikwa mstari wa mwisho wa kujazia, ishia hapo. Plastiki nayo hutanuka kwa joto, ni kweli, lakini kwa kiasi kidogo kuliko petroli, kwa hiyo usiitegemee ikuokoe.

Pili, hewa iliyobaki juu ya mafuta nayo hutaka nafasi. Kutoka nyuzi 15 hadi 45, presha yake hupanda kwa asilimia 10 hivi. Hiyo si kubwa.

La tatu ndilo linalovimbisha dumu. Wale watu wa mlangoni wanatoka. Presha ya mvuke wa petroli hukaribia kuongezeka maradufu kila joto linapopanda nyuzi 20, na mvuke huo unaongezeka juu ya hewa iliyokuwamo tayari. Presha ya ndani ikizidi ya nje kwa robo tu ya presha ya kawaida ya hewa, ubavu wa dumu wenye upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 40 unasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 300. Plastiki haina namna ila kutuna. Na ikishatuna, nafasi ya ndani imeongezeka, presha imeshuka kidogo, na dumu linatulia katika umbo lake jipya.

Usiku mambo yanarudi nyuma. Mvuke unapoa na kugeuka tena kuwa petroli, hewa inasinyaa, na kama dumu lilifungwa wakati wa joto, hewa ya nje inalibonyeza mashavu. Kwa hiyo dumu linalovimba na kubonyea ni dumu linaloziba vizuri. Lile la kutiliwa shaka ni lile lisilobadilika hata kidogo, mchana wa jua kali au alfajiri, kwa sababu huenda linavujisha mvuke mahali usipopaona.

Dumu lililojaa, na dumu linaloisha

Sasa rudi kwenye asilimia 7.6. Ndani ya dumu lililofungwa lenye petroli ya kutosha, kwa joto la kawaida, mvuke hufika theluthi hivi ya hewa yote iliyo juu ya mafuta. Ni mwingi mno kuwaka. Fundi yeyote wa magari atakuambia kwamba injini iliyozidiwa mafuta haiwaki, hata plagi ikitoa cheche namna gani. Ndivyo ilivyo ndani ya dumu. Kwa hiyo lile wazo kwamba dumu lililotuna linakaribia kulipuka lenyewe, kama puto lililojaa moto, halina msingi. Petroli haijiwashi kwa joto la jua. Ingehitaji kufika zaidi ya nyuzi 250 bila cheche yoyote. Kinachoweza kutokea kwa dumu lililotuna kupita kiasi ni kupasuka penye kona iliyochoka, au mfuniko kuruka na kumwaga mafuta. Hapo tatizo ni moto ulio jirani na yale yaliyomwagika.

Dumu lenye mafuta kidogo ndilo linalonitisha, na sioni watu wakiliogopa ipasavyo. Likibaki na vijiko vichache vya petroli ya zamani, ambayo zile nyepesi zake zimeshatoka, mvuke wa ndani unaweza kushuka hadi kuingia kwenye kile kiwango kinachowaka. Baridi huongeza uwezekano huo. Hapo una chombo kilichojaa mchanganyiko ulio tayari, wenye mdomo mmoja. Mtu akimimina mabaki hayo juu ya takataka zinazofuka au makaa anayodhani yamezimika, moto hupanda kwenye mvuke, huingia mdomoni mwa dumu, na dumu hutapika ulimi wa moto unaofika mita kadhaa. Humkuta aliyeshika, na aliyesimama mbele yake, mara nyingi mtoto aliyekuja kutazama. Hufanyika kwa kasi kuliko mkono unavyoweza kuachia. Haidhuru moto ni mdogo kiasi gani: petroli haimwagwi kwenye moto wala kwenye jivu la jana.

Kwa sababu hiyohiyo madumu mengi ya kisasa yana wavu mdogo ndani ya shingo. Wavu huo hunyang'anya moto joto lake kabla haujapenya ndani. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2020 ya kuutaka kwenye madumu ya petroli. Watu huung'oa kwa sababu unachelewesha kumimina. Tafadhali usiung'oe.

"Legeza mfuniko lipumue"

Ushauri huu una sura ya busara, na ndiyo sababu unaenea. Dumu limevimba, basi lipe pumzi. Lakini angalia linapumua nini.

Dumu lenye mfuniko uliolegea hutoa mvuke kila mchana na kuvuta hewa kila usiku. Mvuke unaotoka unashuka sakafuni. Chukua kikombe kimoja cha petroli, robo lita, kikageuka chote kuwa mvuke. Kinatosha kujaza zaidi ya mita 3 za ujazo za hewa inayoweza kuwaka. Kwenye chumba cha mita 3 kwa 3, hiyo ni sakafu yote hadi kimo cha kuzidi sentimita 30. Sasa hesabu vitu vilivyo chini ya kimo hicho nyumbani mwako: mota ya friji, kichomeo cha hita ya maji ya gesi, soketi, jiko lililowekwa chini. Friji hujiwasha yenyewe usiku wa manane bila kuuliza mtu, na swichi yake ya ndani hutoa cheche ndogo kila inapofanya hivyo. Dumu linaweza kuwa chumba cha pili na bado mvuke ukafika, kwa sababu unatambaa.

Watu husema wangesikia harufu. Pua kweli ni hodari. Huinasa petroli ikiwa kidogo mno, maelfu ya mara chini ya kiwango cha kuwaka. Lakini pua pia huzoea. Ukikaa dakika kadhaa kwenye stoo yenye harufu hiyo, huisikii tena, na wewe ukadhani imekwisha. Na pua iko juu, mvuke uko miguuni. Kwa hiyo chukulia harufu yoyote ya petroli ndani ya nyumba kuwa taarifa ya kuvuja, na usingoje iwe kali.

Kuna hasara nyingine, ya mafuta yenyewe. Hewa ya usiku ina unyevu. Dumu linaivuta, unyevu unageuka matone kwenye kuta za ndani, na maji yanazama chini ya petroli. Petroli iliyochanganywa na ethanoli, aina ya alkoholi, kama ilivyo katika nchi nyingi sasa, huyanywa maji hayo hadi yanapozidi, kisha ethanoli na maji hujitenga na kukaa chini kama tabaka la peke yake. Injini ikivuta tabaka hilo haiwaki, na kabureta inaanza kuliwa na kutu. Pia zile nyepesi zinazotoroka kila mchana ndizo zinazosaidia injini kuwaka ikiwa baridi. Dumu linalopumua linakuachia mafuta mazito, yenye maji, katika nyumba yenye mvuke.

Funga mfuniko ukaze. Likivimba, tatizo ni mahali ulipoliweka.

Na yule wa tatu, aliyesema mwaga? Petroli iliyovimbisha dumu haijaharibika kwa kuvimba. Hata ile iliyoharibika kweli haimwagwi mferejini. Mvuke wake husafiri ndani ya mabomba na kutokea mahali pengine. Tarehe 22 Aprili 1992, mjini Guadalajara, Meksiko, petroli iliyovuja ikaingia kwenye mabomba ya majitaka ililipuka mtaa baada ya mtaa na kuua zaidi ya watu 200. Ilikuwa nyingi mno kuliko ya dumu, ndiyo, lakini mwendo wa mvuke ni uleule. Mabaki ya petroli yapelekwe kwa wanaopokea mafuta machafu na taka za hatari.

Plastiki yenyewe

Si kila plastiki inaweza kubeba petroli, na hapa makosa ni mengi. Madumu halisi ya mafuta hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polietilini nzito, yenye kuta nene, mpira wa mfuniko usioyeyuka kwa petroli, na maandishi yaliyochorwa kwenye plastiki yenyewe kuonyesha kuwa limepimwa kwa mafuta. Dumu la maji au la mafuta ya kula linaweza kuwa la polietilini hiyohiyo, lakini kuta ni nyembamba na mfuniko wake haukutengenezwa kuzuia mvuke wenye presha. Lipige jua siku chache na utaona unyevu shingoni. Chupa ya soda ni mbaya zaidi, na hatari yake ya kwanza wala si moto. Ni mtoto, au mtu mzima mwenye kiu, anayeiona chupa anayoijua na kupiga funda. Petroli ikimezwa, mtu asitapishwe, kwa sababu ikipanda tena huingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba petroli hupita ndani ya ukuta wa plastiki. Hakuna tundu, hakuna ufa. Chembe zake hupenya taratibu kama unyevu unavyopenya karatasi. Ndiyo sababu stoo hunuka ingawa mfuniko umekazwa. Watengenezaji hupambana na hilo kwa kuipitishia plastiki kemikali ya florini au kuweka tabaka la kizuizi katikati ya ukuta. Marekani tangu mwaka 2009 inataka madumu mapya ya galoni 5, yaani lita 19 hivi, yasipoteze zaidi ya gramu 1.5 kwa siku. Hata dumu zuri basi huvujisha kidogo, na ndiyo maana hata dumu zuri haliwekwi ndani ya nyumba.

Ligeuze dumu lako ulitazame kitako. Mengi yana duara dogo lililochorwa kwenye plastiki, lenye namba 1 hadi 12 kama saa ya ukutani, mshale katikati, na tarakimu mbili za mwaka. Mshale unaonyesha mwezi lilipotengenezwa. Langu lilikuwa na miaka tisa nilipolitazama kwa mara ya kwanza, na nililitoa kwenye kazi siku hiyohiyo. Kwa usafirishaji wa bidhaa za hatari, kanuni za kimataifa huyapa madumu ya plastiki miaka mitano tu, na hicho ni kipimo kizuri hata kwa dumu la nyumbani linalokaa juani. Jua huila plastiki. Dalili zake ni rangi iliyopauka, unga mweupe unaobaki kidoleni ukilipangusa, na mistari myeupe kwenye kona na chini ya mkono. Kila kuvimba na kubonyea hukunja plastiki mahali palepale, kama waya unaoukunja na kuukunjua, na mistari hiyo ndipo itakapopasuka.

Vipi dumu la chuma? Halipenyezi mvuke na haliogopi jua. Lakini lina kutu, na kwa kuwa halituni, halikuonyeshi presha iliyomo. Ukilifungua ovyo litakurushia mafuta usoni bila onyo. Plastiki angalau inakuambia.

Mahali pa kuliweka

Kanuni ni mbili: mbali na watu na moto, na mahali ambapo joto halibadiliki sana. Watu huikumbuka ya kwanza na kuisahau ya pili. Banda dogo la bati lililo peke yake uani liko mbali na jiko, lakini bati linapopigwa na jua mchana, ndani hugeuka tanuri, na usiku hupoa ghafla. Ukilazimika kulitumia, weka dumu upande usiopigwa na jua la alasiri, chini, lisiguse bati, na banda liwe na matundu chini na juu ili mvuke utoke na hewa iingie. Matundu ya juu peke yake hayasaidii, kwa sababu ule mvuke hauko juu. Kipande cha ubao chini ya dumu kinafaa: kitako hakisuguliwi na saruji, na likivuja utaona doa.

Usiliweke rafuni kwenye kimo cha kichwa, likianguka linapasuka. Usiliweke chini ya ngazi wala karibu na mlango, kwa sababu moto ukianza hapo umewafungia watu njia ya kutokea. Usiliweke chumba chenye hita, friji ya kugandisha au mashine ya kufulia. Na gari si stoo. Gari lililofungwa juani hupanda nyuzi 20 na zaidi juu ya joto la nje ndani ya saa moja. Dumu lisafirishwe moja kwa moja, likiwa limesimama na kufungwa lisianguke, kisha litolewe.

Kiasi nacho ni kinga. Uingereza, kwa mfano, mtu wa kawaida anaruhusiwa kuweka hadi lita 30 nyumbani bila kuarifu mamlaka, na dumu la plastiki lisizidi lita 10. Kila nchi ina sheria yake, iulize ya kwako, lakini swali la kujiuliza ni moja: kazi yako ya mwezi mmoja inataka lita ngapi? Weka hizo. Petroli ikikaa zaidi ya miezi mitatu hadi sita huanza kuchoka hata kwenye dumu zuri. Andika tarehe ya kujaza kwa kalamu isiyofutika kwenye mkanda wa karatasi, ubandike ubavuni, na yaliyotangulia ndiyo yatumike kwanza.

Wakati wa kujaza kituoni, teremsha dumu chini, ardhini. Mafuta yanapotiririka huzalisha umeme tuli, ule unaokuuma kidole ukivua sweta, na dumu lililo juu ya zulia la gari au plastiki ya nyuma ya pikapu halina pa kuupeleka. Umeme hujikusanya, kisha huruka kama cheche hapohapo penye mdomo wenye mvuke. Chini, mdomo wa pampu ukigusa shingo ya dumu, mafuta yatoke polepole.

Na moto ukitokea, maji hayafai. Petroli ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake na kusambaa ikiwaka. Kizimamoto cha unga au cha povu ndicho chake. Mdomo wa dumu ukishika moto, usilibebe kukimbia nalo. Wengi huungua hapo, kwa mafuta yanayowamwagikia wenyewe. Liache, watoe watu, ita zimamoto.

Kufungua dumu lililotuna

Lisifunguliwe lilipo, wala wakati limetuna kwa jua. Libebe nje, kivulini, mbali na jiko, sigara na gari linalounguruma. Lisimamishe mahali pa usawa, uliache. Kulimwagia maji ya baridi ni haraka zaidi, lakini maji hukaa kwenye nyuzi za kukazia mfuniko na kuingia ndani ukifungua, kwa hiyo mimi hungoja jioni. Linapokuwa limelegea kidogo, na kidole kikilibonyeza linakubali, funika mfuniko kwa kitambaa kikavu, geuza uso pembeni, uzungushe polepole hadi usikie "fsss". Simamisha mkono hapo. Usiendelee kuzungusha, hata kama sauti ni ndogo. Mvuke unatoka, unateremka ubavuni na kwenda na upepo. Sauti itapungua, itakatika, mara nyingine itaanza tena kidogo kwa sababu petroli ya ndani inatoa mvuke mwingine. Likinyamaza kabisa, malizia kufungua, mimina unachohitaji kwenye mashine iliyozimwa na kupoa, kisha ufunge palepale, hadi mpira wa mfuniko ukae sawa kwenye shingo.